Mapezi ya Nguva

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ile ya hamsini, nilisimama mlangoni pa makumbusho nikasahau hata kupiga hodi. Jengo lilikuwa boma la Wajerumani, njia ya kwendea ufukwe wa Raskazone, lenye kuta nene kiasi kwamba ungefanya harusi ndani ya ukuta na jirani asisikie ngoma. Darini lilining'inia taya la nyangumi. Mdomo ule ungemeza mtaa wetu wa Mabawa mzima, na Horohoro ya kule mpakani ikawa kitafunio. Nikajikuta nimevua viatu bila kuambiwa.

Nilikuwa na cheti cha ngumbaru, kile kisomo cha watu wazima, na mikono iliyokata samaki sokoni miaka sita. Mkuu wetu, Mzungu tuliyemwita Bwana Mtunzi kwa kuwa ndiye aliyetunza makumbusho, alinipa wiki moja ya majaribio. "Ukiharibu kitu, utarudi kwenye magamba yako."

Kazi ilikuwa kupangusa mifupa kwa brashi kavu, maana maji huiozesha. Nikafika kwa nguva, yule mnyama wa baharini anyonyeshaye, mifupa yake imeunganishwa kwa waya. Kesho yake wakubwa wa serikali walikuwa waje kumtazama. Nami nikaona mapezi yamebadilishana: la kulia limefungwa kushoto, viganja vinatazama juu kama anayeomba dua.

"Shikamoo, Mzee Shomari," nikamnong'oneza msimamizi wetu. "Huyu kavishwa mikono kinyume."

"Marahaba. Kamfunga Bwana Mtunzi mwenyewe. Wewe una muda gani hapa?"

"Saa tatu tu tangu nianze."

"Basi imalize wiki yako kwa adabu, mwanangu. Si umeniambia mkeo ana mimba?"

Nilipangusa hadi adhuhuri. Ikanishinda, nikamfuata Bwana Mtunzi ofisini.

"Bwana, nguva wetu akiogelea vile, atazama."

Akaja, akamtazama. "Umesomea wapi mifupa?"

"Sokoni, Bwana. Nguva hukatwa begani. Ukikosea kiungo, kisu kinagota na mteja ananuna."

Alifungua kitabu chake, akapekua, masikio yakawa mekundu. Kisha akanipa koleo. "Fungua waya. Mimi nitashika."

Majaribio hayakutajwa tena. Nilikaa pale mpaka nikastaafu, nikiwa msimamizi.

Sokoni pezi nilikuwa nalitupa zima zima. Alasiri ile, nikilifunga upya, ndipo nilipohesabu mifupa iliyomo: vidole vitano. Nimevipangusa maisha yangu yote, na hadi leo, nikitawadha, huutazama mkono wangu nikahesabu vidole kabla ya kuumwagia maji.