Ukwaju Mkali

Kwenye sendofu ya binti yangu, kaka wa mke wangu alichukua maiki akiwa mjomba wa bibi harusi. Alisema, "Baba wa bibi harusi tumemweka karibu na mlango, akizidiwa tumtoe bila kuvuruga shughuli." Ukumbi mzima ulicheka. Siku hiyo nilikuwa sijagusa hata bia, na hilo nilimwahidi binti yangu. Nilimwona akiinamisha kichwa.

Kwamba nakunywa, ni kweli. Sikatai. Lakini shemeji alikunywa kuliko mimi. Akaokoka, akaacha, akapewa uzee wa kanisa, na tangu hapo sisi wengine tukawa wa kuchekwa. Nilikusudia alewe mbele ya ndugu zake, sebuleni kwangu, aanze kuimba zile nyimbo zake za zamani.

Nafasi ilikuja mama mkwe aliposhuka kutoka Moshi kutibiwa macho. Ndugu wote walialikwa chakula cha mchana Jumapili. Jumamosi nilishuka ghorofani kwetu, nikavuka hadi sokoni Kariakoo kununua ukwaju na tangawizi. Nikanunua na vodka, kwa sababu haina rangi, na harufu yake ni rahisi kuifunika.

Niliuloweka ukwaju kwenye maji ya moto, nikaukamua kwa mkono na kuuchuja. Nikaugawa kwenye majagi mawili. La kwanza nililiacha lilivyo. La pili nikatia vodka, tangawizi na iliki, kisha sukari yote iliyokuwamo ndani ya nyumba. Nilionja, nikatia, nikaonja tena. Mwishowe ungeapa ni juisi ya watoto. Nilifurahi kwa namna ambayo leo inanitia aibu.

Wageni walipofika, nilikwenda kubadili shati. Nikiwa mlangoni nilimwambia mke wangu, "Ile kali mpe kaka yako."

Kwangu kali ilikuwa yenye pombe. Mke wangu hakujua habari za pombe. Alichovya kijiko kwenye jagi la kwanza, ukwaju usio na sukari ukamkunja uso, naye akajua kali ndiyo hiyo. Akampelekea kaka yake. Ile tamu akammiminia mama yake, maana wazee wanapenda tamu.

Niliporudi sebuleni, shemeji alikuwa amefumba jicho moja kwa ukali wa ukwaju, akiuliza kama sukari nayo nimeinywa. Mama mkwe alikuwa ameshika glasi yake. Ujana wake wote alipika mbege, ile pombe ya ndizi; ulimi wake hauhitaji macho. Aliinywa kidogo, akaitazama, kisha akageuza uso upande wangu.

Shemeji akaomba abadilishiwe, apewe ile ya mama. Nililinyakua jagi kwa furaha. Nilikuwa nimeshaliinamisha juu ya glasi ya shemeji, mama mkwe alipoiziba kwa kiganja.

"Hii ni yangu," alisema. "Mkwe wangu kanitengenezea mimi. Nimiminie."

Nilimmiminia. Akainywa yote, polepole, akanyoosha tena glasi. Mwanawe akasema mama ana uchoyo wa uzeeni, watu wakacheka. Mkono wa mama mkwe ulikuwa umeanza kulegea.

"Nimiminie, baba. Au unataka niinywe mpaka iishe?"

Nilielewa. Angeinywa mpaka tone la mwisho ili isimfikie mwanawe, na angeanguka nyumbani kwangu, mbele ya binti yake. Kumlewesha mama mkwe: kwa kosa hilo hata mimi sikuwa na maneno ya kujitetea.

Nikasema nimeona mende ndani ya jagi. Nikaenda jikoni, nikalimwaga lote kwenye sinki. Mke wangu alilalamikia sukari yake.

"Shemeji, mikono imeshaanza kutetemeka mpaka unamwaga juisi?" sauti ya kaka wa mke wangu ilinifuata kutoka sebuleni. "Na bado mchana!"

Walicheka wote isipokuwa mama mkwe, ambaye aliomba alazwe kidogo. Nilimshika mkono hadi chumbani. Alikaa kitandani, akavua kilemba. "Mwanangu ana mdomo mbaya," alisema. "Lakini pombe ilitaka kumuua. Wewe hukuwepo."

Nilimwomba radhi, naye akanisamehe kabla hajalala. Nilirudi sebuleni, nikamkuta shemeji ameketi kwenye kiti changu. Nikavuta stuli nikakaa. Yeye sijamwomba radhi, na sina mpango huo.