Namba ya Siri ya Mwalimu

Kila jioni mwalimu wa hesabu alipita dukani kwa Mwatumu, pale Nyakahura, akanunua sukari robo na mafuta ya kupima. "Daktari amenipunguzia vitamu," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Vidole vyake vyenye vumbi la chaki vilizipanga sarafu mezani moja moja kabla ya kuzisukuma. Mwatumu alijua, kama wengi walivyojua, kwamba kadi ya benki ya mwalimu ilikuwa rehani kwa mkopeshaji, ambaye kila mwisho wa mwezi aliutoa mshahara mwenyewe na kumpa kilichobaki.

Jumamosi moja, mwalimu akiwa anapimiwa sukari, mkopeshaji aliingia dukani na kadi mkononi. "Mwalimu, mashine imekataa. Umebadilisha namba ya siri?" Wanawake wawili waliokuwa wakichagua sabuni waliinua vichwa. Mwalimu aliitazama mizani. "Nilitaka kwanza nilipe ada ya binti yangu," alisema, kisha akaitaja namba mpya, tarakimu baada ya tarakimu, kama anayewasomea watoto imla. Mkopeshaji akaondoka. Mwalimu naye akatoka, sukari yake akaiacha mezani. Mwatumu aliichukua ili amwite, akasita. Akimwita, itambidi mwalimu ageuze uso, na wote wauone.