Sauti ya Chini ya Orrin Thibault

Ukitaka kumpata Orrin Thibault, mtafute chini. Kwa miaka thelathini na minane kazi yake katika Chuo cha Wexcombe imekuwa kutunza boila na mabomba ya mvuke, na mabomba hayajawahi kuwa na heshima ya kupita mahali mtu anaposimama wima. Aliyajua kwa masikio. Bomba likigonga mara mbili alijua maji yametuama. Likipiga mluzi alijua ni valvu, na ya jengo gani, kabla hajavaa glavu. Hapa mjini hakuna mwingine aliyewahi kumwambia mkuu wa chuo, bila kucheka, kwamba hita ya ofisi yake ina mafua.

Boila kubwa kuliko zote iko chini ya jengo la muziki. Juu yake, kila Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni, Chiriku hufanya mazoezi. Ni wanafunzi kumi na wanne wanaoimba bila kinanda, bila gitaa, bila chochote ila makoo yao. Hata ngoma wanaipiga kwa midomo. Kila chuo upande huu wa nchi kina vikundi vitatu vinne vya namna hiyo, vyenye majina ya ndege na ya mizaha, na sisi wa mjini tunavicheka kwa tai zao za shingoni, zote za aina moja, na kwa vidole wanavyovidatisha kufuata mdundo. Tunavicheka mpaka waanze kuimba. Sauti zao zilimshukia Orrin kupitia uwazi wa mabomba, naye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akasikiliza nyimbo zote, isipokuwa wa mwisho. Ukikaribia wa mwisho alichukua spana yake akatoka nje, hata kama theluji ilikuwa inamwagika.

Wimbo huo wa mwisho, wa kuagana, ndio roho ya Chiriku. Haujaandikwa popote, na ni mwiko kuuandika. Mwimbaji mpya husimama nyuma ya mkubwa wa sauti yake, sikio likikaribia kugusa mgongo, mpaka aumeze wote. Orrin aliumeza hivyo mwaka 1982, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi hapa hapa mjini. Ndiye aliyekuwa besi wa chini, mwenye sauti nzito kuliko wote, peke yake, maana besi wa kweli hawaokotwi njiani. Februari ya mwaka wa pili baba yake akapooza. Orrin alifunga sanduku siku hiyo hiyo akarudi nyumbani kwenda kutafuta kazi. Hakumuaga mtu, wala hakumfundisha mtu sauti yake.

Alipoajiriwa kwenye boila, waimbaji wa enzi yake wakiwa wameshahitimu wote, akawasikia Chiriku wakiuimba wimbo wa kuagana bila sauti ile ya chini, wala hawajui kwamba kuna kitu kimepungua. Aibu ikamshika. Angeweza kupanda ngazi kumi na saba tu akawaambia. Lakini mwaka ukapita, na mtu akishaupitisha mwaka mmoja bila kusema jambo, wa pili unapita wenyewe.

Machi ya mwaka huu daktari alimwambia kwamba uvimbe uliokuwa kooni hauwezi kuachwa. Koromeo litatolewa lote, tarehe sita Mei. Ataishi, alisema daktari, lakini sauti aliyozaliwa nayo hatakuwa nayo tena, na kuimba asahau. Mpaka siku hiyo, azungumze kidogo iwezekanavyo.

Mkewe, Colette, anayeendesha basi la shule na kuwanyamazisha watoto hamsini kwa kuwatazama kwenye kioo, aliyachukua maneno ya daktari kama sheria.

"Hayo maneno uliyobakiza nayataka nyumbani," alimwambia garini. "Nikisikia umeyamwaga kwa mafundi wenzako kwa habari za besiboli, tutakosana."

"Nitayabana."

"Basi anza sasa hivi. Itikia kwa kichwa tu."

Orrin akaitikia kwa kichwa. Hakumwambia kilichokuwa kikimzunguka akilini njia nzima: kwamba duniani kote limebaki koo moja tu linaloijua sauti ya chini ya wimbo ule, maana mkubwa aliyemfundisha alikwishafariki, nalo lina wiki tano. Hata kwamba aliwahi kuimba hakuwa amemwambia. Colette alijua aliacha chuo kwa ajili ya baba yake, na habari ilikuwa imeishia hapo.

Alhamisi ya kwanza ya Aprili alipanda ngazi. Alimkuta mlangoni Maribel Quintanilla, kiongozi wa Chiriku, msichana wa mwaka wa mwisho kutoka joto la Texas ambaye huvaa makoti mawili mpaka Juni.

"Afadhali umekuja, Bwana Orrin," alisema. "Ni hita, sivyo? Tunaganda humu."

Hita haikuwa na kosa lolote. "Ndiyo," akasema Orrin, akapiga magoti, akaanza kuifungua. Mtu mzima wa miaka sitini na moja, amekuja kutoa siri ya maisha yake, na sasa anafungua skrubu za hita nzima kwa kukosa la kusema.

Walipofika kwenye wimbo wa mwisho hakuweza kukimbia, maana nusu ya hita ilikuwa sakafuni. Akausikiliza huku ameinamisha kichwa. Walipomaliza, Maribel alitoa kipulizo chake kidogo cha duara, kile wanachopuliza kupata noti ya kuanzia, akakipuliza ili waone kama wameishia walipopaswa. Kundi zima likaguna, kisha likacheka.

"Tumeshuka nusu sauti, kama kawaida," akasema Maribel. "Ndiyo maana huu tunauanza juu. Tukianzia juu, tukishuka tunaangukia panapofaa. Tumerithi hivyo."

"Ni laana ya wimbo," akasema Dov Perlstein, besi wa mwaka wa kwanza, mwembamba kama ufito, mwenye sauti nzito utadhani kaiazima kwa mtu mwingine. "Hata waliotutangulia wote walikuwa wanashuka. Usiposhuka wewe si Chiriku."

Orrin alikuwa na valvu mkononi. Miaka yote hiyo hakujua kwamba walikuwa wameligeuza kosa lake kuwa mila.

"Si laana," akasema. "Wimbo wenu hauna sakafu."

Wote wakageuka.

"Mnashuka kwa sababu hamna pa kukanyaga. Kuna sauti nyingine chini ya hizo zenu. Nilikuwa nayo mimi. Niliondoka nayo Februari 1984, sikumwachia mtu."

Siri ya miaka arobaini na moja, ikaisha kwa pumzi moja. Akawaambia na habari ya koo na tarehe ya upasuaji, kisha akangoja wamlaumu.

"Kwa hiyo mzee," akasema Dov polepole, "muda wote huo ulikuwa hapo chini?"

"Juu ya ndoo."

"Basi ni wewe. Sisi tunaambiana humu ndani mna mzimu unaokohoa."

Walicheka, Orrin naye akacheka, na koo likamuuma. Maribel hakucheka. Alikuwa amevua koti moja. "Iimbe," akasema.

Mara ya kwanza ilitoka kokoto tupu. Akameza maji, akajaribu tena, na safari hii ikatoka: noti ndefu, kavu, zisizo na mbwembwe yoyote. Msichana mmoja wa soprano, sauti ya juu, akauliza kama ni hiyo tu.

"Ni hiyo tu," akasema Orrin.

"Dov," akasema Maribel, "nenda nyuma yake."

Yule kijana akaenda akasimama nyuma ya fundi wa boila, akainama, akaweka sikio kwenye ovaroli lenye grisi.

Wakaendelea hivyo kwa wiki tatu. Kila zoezi Orrin aliimba sauti yake mara tatu tu, na kila alipoimba ilikuwa imepungua. Dov alikuwa na haraka. Aliijua noti kabla ya kuwa na subira nayo, akaiachia mapema, na ukiiachia mapema wimbo wote unayumba. "Ngoja," Orrin alimnong'oneza. "Wao ndio wanaokwenda. Wewe kaa." Nyumbani Colette alimsikia akikwama hata kuomba chumvi, akamuuliza nani anamsemesha huko kazini. Orrin akaonyesha kwa mkono kwamba ni vumbi.

Jumanne ya mwisho kabla ya upasuaji sauti ilikuwa imekwisha, umebaki mnong'ono. Orrin akakaa kwenye kiti kando ya hita. Kama Dov hakuwa ameipata, basi haipatikani tena.

Maribel alipuliza, akauanzisha wimbo juu, kwa mazoea. Dov akakaa chini yao kama alivyofundishwa, na wimbo haukushuka hata chembe. Matokeo yake soprano walifika mwishoni wakiwa huko huko juu, wakabaki wananing'inia kama watu walioondolewa ngazi wakiwa juu ya paa, mpaka mmoja akapiga ukelele na wote wakavunjika mbavu.

"Aisee," akasema Maribel, akifuta macho. "Miaka yote tunaanza pasipostahili. Tuanze chini."

Wakaanza chini. Orrin hakusikia mwanzo vizuri, kwa maana alikuwa akimfuata Dov noti kwa noti, midomo ikitembea bila sauti, ngumi zimebana magotini. Ikaja ile sehemu ndefu ambapo sauti zote zinasimama pamoja. Dov hakuiachia. Akakaa.

Ndipo juu kabisa, juu ya soprano, ikatokea sauti nyingine. Ilikuwa nyembamba na safi, na hakuna aliyekuwa akiiimba. Wanafunzi walitazamana midomoni kuona ni nani. Waimbaji wa namna hii wanaijua: sauti za watu zikikaa sawasawa kabisa, bila hata unywele kupita kati yake, hewa yenyewe huzaa ya kwake. Wanaiwinda miaka minne, na wengi huhitimu hawajaipata. Ilijaa chumbani mpaka kifuniko cha hita kikaanza kutetema, na Orrin nywele za mikono zikamsimama. Maribel alikuwa analia huku anaimba, na hakukosea noti.

Walipomaliza, Maribel alipuliza kipulizo. Walikuwa pale pale walipoanzia.

"Orrin."

Colette alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya udereva. Alikuwa ameshuka kwenye boila kumfumania na huyo anayemmalizia sauti, akakuta ndoo tupu, akafuata uimbaji juu. Hasira aliyopanda nayo hakuwa nayo tena.

"Hicho anachoimba huyo kijana ndicho unachonung'unika bafuni miaka thelathini na minne?"

Orrin akaitikia kwa kichwa.

"Na mimi nilikuwa namwambia dada yangu mume wangu hajui kuimba. Kwamba ana noti tano tu za kuzaliwa."

"Nne," akanong'ona Orrin.

"Nyamaza," akasema Colette. Akavuta kiti, akakaa karibu naye, akamshika mkono. Kisha akamgeukia Maribel. "Binti, naomba mrudie. Nimeingia katikati."

Maribel akapuliza. Orrin alikuwa na siku saba na mnong'ono, na mengi ya kumweleza mkewe kuhusu Februari ile. Angemweleza yote, garini, kabla hawajafika nyumbani. Kwa sasa alifumba mdomo, akalegeza ngumi. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake akausikiliza wimbo ule mzima, bila kuubeba na bila kuukimbia.