Ukuta Aliousiriba Mama

Nilipokuwa mtoto, nyumba za udongo zilikuwa nyingi mtaani kwetu Kawempe kuliko tulivyopenda kukiri, na yetu ilikuwa mojawapo. Baba yangu, Okot, alikuwa askari polisi kutoka kaskazini, mtu wa viatu vinavyong'aa, na nyumba ile ilimuudhi. Kuta zake alizisiriba mama kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Alivuta vidole ukutani akaacha michoro ya mawimbi, kama wafanyavyo wanawake wa kwao. Alifariki nikiwa darasa la kwanza.

Kisha dada yangu Akello akapata mchumba, kijana Mkenya mwenye duka la vipuri, na wazazi wake wakatuma habari kwamba wanakuja kujitambulisha. Baba akakosa raha. Alihofia watatuona watu wa tope na posa ya Akello iharibike. Ndipo akaja na wazo la kuwapaka wageni mafuta kwa mgongo wa chupa: apake plasta ya saruji juu ya udongo, kisha achoreshe mistari ya rangi ili ukuta uonekane wa matofali.

Nyanya, mama yake baba, aliposikia hayo aliweka kikombe chake cha chai chini.

"Okot, mikono ya muke yako iko ndani ya hii ukuta," alisema. "Wewe nafunga yeye ndani, yeye atatoka."

"Mama, hao watu natoka Nairobi," baba akajibu. "Wakiona tope watasema hii mutoto natoka kwa maskini."

Nyanya alituambia daima kwamba mwanamke anayesiriba nyumba huacha mkono wake ukutani, na akifa mkono huo hubaki ukiwalinda wanawe. Mimi niliamini moja kwa moja. Fundi alipokuwa akipaka saruji, nilisimama pembeni nikimwomba mama kimoyomoyo asikasirike. Nisiseme uongo, nyumba ilipendeza. Majirani walikuja kuitazama, na baba akatembea kifua mbele.

Mvua ikanyesha wiki nzima, kisha jua likachomoza siku ya wageni. Tuliwakalisha mbele ya nyumba, tukawapa soda. Mama wa mchumba alikuwa akimuuliza Akello habari za kazi, mara tukasikia kishindo kama cha gunia lililodondoka. Plasta ya ukuta wa mbele ilikuwa imebanduka yote, ikalala chini vipande vipande pamoja na matofali yake ya rangi. Ukutani yakabaki mawimbi ya mama, na kando yake alama ya kiganja chenye kidole cha mwisho kilichopinda. Kidole kile tulikijua sote.

"Ametoka," nyanya akasema.

Baba alivua kofia, akajifunika nayo uso, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama. Akello aliwatupia macho wakwe zake.

Yule mama Mkenya aliinuka, akausogelea ukuta. "Hii imefanywa na nani?"

"Mama yetu," Akello akajibu kwa sauti ndogo. "Alishafariki."

Mama yule alipitisha vidole juu ya mawimbi. "Basi tumemkuta nyumbani," alisema, akarudi kuketi karibu zaidi na dada yangu.

Siku hizi naishi Kibuli, katika nyumba ya bloku za saruji ambayo joto lake la mchana hunifukuza nje. Mafundi wamenieleza kwamba udongo hunywa maji ukavimba, kisha hukauka ukasinyaa, na saruji ngumu haiwezi kwenda nao. Nawaamini. Nyanya naye namwamini, mniwie radhi. Ila zamani nilidhani onyo lake lilihusu hasira ya wafu, na leo naona lilimhusu mwanawe. Baba alikuwa akiona aibu ya tope kwa sababu aibu ilikuwa nyepesi kuliko majonzi. Tangu mazishi hakuwa amelitaja jina la mama hata mara moja, na sisi watoto tulijifunza kutolitaja.

Siku ile wageni walipoondoka, baba hakuokota vile vipande vya saruji. Alituketisha mbele ya ukuta, akaanza kutusimulia jinsi yeye na mama walivyokutana.