Nguo ya Nabii na Manyoya ya Mbuzi

Likizo ya Agosti nilitoka Migori kwenda kukaa kwa mama mdogo, Kendu Bay. Vijana wa kanisa walikuwa wanatayarisha mchezo wa Sabato, nikachaguliwa kuwa yule nabii wa nyikani mwenye nguo ya manyoya ya ngamia. Walisema ni kwa sababu ya mbavu zangu zinazohesabika. Neno langu lilikuwa moja tu, "Tubuni," na hata hilo lilinikosesha usingizi. Nilitaka nilitamke bila kuchekwa, niketi.

Mama mdogo ni fundi wa cherehani. Akaleta debe la manyoya ya mbuzi kutoka buchari, akapika uji mzito wa ngano, akaanza kuyabandika juu ya gunia.

"Mama mdogo, si hivyo. Manyoya yalisokotwa kuwa uzi, uzi ukafumwa. Ilikuwa nguo kama nguo nyingine, inakwaruza tu."

"Nyathina, mwanangu, wale wa nyuma wataonaje uzi? Wataona manyoya."

"Lakini nabii hakuwa mbuzi."

"Inua mkono."

Nikainua. Mtu anashona siku sita kwa wiki, akiona pamba shambani hasemi ni shati, lakini hili la manyoya halimwingii kichwani kabisa.

Nikaenda na lile gunia kwa mzee wa kanisa, nikikariri maneno njia nzima. Alinisikiliza vizuri. Akanisifu kwa kusoma. Kisha akasema, "Mwambie mama yako mdogo aongeze kifuani, hapo pana upara."

Siku yenyewe, nyuma ya pazia, uji ulikuwa umekauka na manyoya yakawa yanadondoka kila nikipumua. Watoto wawili wakachungulia. "Meee," mmoja akasema, na neno langu likapotea. Nikavua gunia. Pale chini tulikuwa tumetandika blanketi la sufu la mama mdogo, la kijivu, liwe jangwa. Nikajifunga hilo, nikatoka.

"Tubuni."

Hakuna aliyecheka.

Nyumbani mama mdogo alipakua chakula. "Umesema vizuri," akasema, "lakini watu wananiuliza nabii alikuwa wapi. Waliona mtu wa blanketi."

Nikamwambia blanketi lenyewe ni manyoya ya kondoo, yamesokotwa na kufumwa. Akalivuta, akalipapasa upande huu, akaligeuza na ule mwingine.

"Sasa hapa," akaniuliza, "manyoya yako wapi?"