Muuza Matone ya Kumbukumbu

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, muuza dawa ya kumbukumbu hujiandikia kwa kalamu kwenye kiganja cha kushoto idadi ya matone, kisha hukunja vidole kama aliyeshika siri ya dunia. Mteja akiingia, sauti yake huwa nzito. Huinua chupa ya maji ya maua kwenye mwanga, huitikisa mara mbili na kusema, "Ubongo ni shamba, mzee wangu, na maua haya ndiyo mvua yake. Nilirithishwa na babu." Nyuma ya pazia, shemeji yake, mwanamke anayeyachuma maua na kuyachemsha, na ndiye aliyemfundisha kazi yote, husikia habari za babu huyo huku mvuke ukimtoa machozi. Miaka mitano sasa, yeye mwenyewe hajatajwa hata siku moja.

Siku ya joto kali, mama mmoja alimleta mumewe aliyekuwa akisahau hata njia ya msalani. "Nimpe matone mangapi, daktari?" Daktari akafunua kiganja. Jasho lilikuwa limekilamba, limebaki doa la wino tu. Akakohoa, akatikisa chupa mara mbili, kisha mara mbili tena. Mwishowe akaligeukia pazia. "Shemeji, ni matone mangapi vile?"

Shemeji akatokeza, akijifuta mikono taratibu. "Mimi nitajuaje, shemeji? Muulize babu."

Yule mama akawatazama wote wawili, akaichukua chupa mkononi mwa daktari, akampelekea shemeji.