Primrozi na Fagio la Mama

Bibi mmoja mzungu niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake Campbelltown, hapa Sydney, alinipa miche sita ya primrozi, ameifunga kwenye gazeti lililolowa. Ni maua madogo ya rangi ya siagi, yanakaa chini karibu na udongo, na jua hayalitaki. Nyuma ya nyumba yangu Macquarie Fields kivuli kilikuwa tele, maana mti wa jirani ulikuwa umevuka ukuta na kutawala nusu ya uwanja. Nikaipanda hapo, mwaka ule wa kwanza wa korona, mipaka ilipofungwa na tiketi yangu ya kwenda kumwona mama Vihiga ikabaki karatasi tu.

Nisiseme uongo, niliipanda kwa ajili yake. Mama alipenda maua kuliko alivyowapenda wachungaji, na alikuwa mtu wa kanisa. Nilimwahidi kwamba yakichanua nitampigia video ayaone.

"Yaambie yafanye haraka," alisema. "Mimi si wa kungojangoja."

Nilipompigia kumwonyesha miche, hakuitazama hata kidogo.

"Na hiyo takataka nyuma yako ni ya nani?"

"Ni majani ya mti, mama. Yameanguka jana tu."

"Kwani huko Australia hakuna fagio?"

Nina miaka hamsini na nilitamani ardhi inimeze. Kwetu uwanja hufagiwa kabla ya chai, udongo ukabaki mtupu na mistari ya fagio ikaonekana. Mgeni akikuta majani, amekuta uvivu wako. Basi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilifagia, nikizunguka kila mche kwa uangalifu, nikijiona mkulima hodari.

Joto lilipokuja, udongo ule mtupu ukakauka ukawa tofali. Miche miwili ikafa, minne ikajikunyata. Bibi mzungu aliponiuliza ninaitunzaje, nikamweleza kwa fahari jinsi ninavyofagia. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia majani yale ndiyo blanketi lao, na yakioza ndiyo chakula chao, niyaache. Nikaitikia vizuri. Kesho yake nikafagia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi nilikuwa na wakuu wawili, na mmoja alikuwa mama yangu.

Mama alifariki mwaka uliofuata, baridi ilipoanza na mti ukipukutika. Sikuruhusiwa kusafiri. Nilimzika kwa simu, nimeketi jikoni na leso kiunoni. Mtandao ulikatika wakishusha jeneza, ukarudi watu wameshatupa udongo. Nililia kwa hasira kuliko kwa huzuni. Nilimtaka mama yangu, na nilichokuwa nacho ni kioo cha simu.

Kwetu msiba ukiingia, fagio hulala mpaka matanga yaanuliwe. Kwa hiyo sikufagia. Sydney nzima ilikuwa imefungiwa ndani, hakuna ambaye angekuja kunisema. Majani yakaanguka, yakalowa, yakalaliana.

Siku moja dada yangu akanipigia kutoka nyumbani.

"Leo tumefagia, na watoto tumewanyoa. Matanga tumeyaanua. Hata wewe fagia sasa."

Nikachukua fagio, nikatoka. Nilianzia chini ya mti, nikavuta majani mara moja tu. Chini yake palikuwa na primrozi moja imechanua, na pembeni yake machipukizi kwenye miche yote minne. Nilikuwa nimeshatoa simu mfukoni na kutafuta namba ya mama ndipo nikakumbuka.

Nikairudisha simu. Kisha nikapiga magoti, nikarudisha na majani kwa mkono, pale pale yalipokuwa.

Dada yangu aliniuliza kama nilifagia, nikamwambia ndiyo. Sijafagia mpaka leo. Primrozi zinachanua kila mwaka, na matanga ya mama hayajaanuliwa, kwa sababu mimi nimekataa kuyaanua.